Umelipwa ama Umependa?

Siku hizi kila mtu anayeniambia nijaribu kitu namwuliza swali moja, hata akiwa rafiki, na wengi linawakera kweli. Mtu anakuja na habari ya losheni fulani, ama kibanda kipya cha chapo madondo, ama msanii ambaye "lazima umsikilize wiki hii," nami namkatiza: umelipwa ama umependa? Wengine hucheka. Wengine hununa. Wachache husita, sekunde mbili hivi, na katika hizo sekunde mbili huwa nimeshapata jibu.

Nasema hivi: kumwambia mtu "jaribu hii" ni kuweka jina lako rehani. Kama huna chochote cha kupoteza kitu chenyewe kikiwa kibovu, hapo hujapendekeza, umetangaza. Na sisi vijana wa mjini tumeyaacha matangazo yavae nguo za urafiki mpaka hatujui tena nani ni nani.

Hebu tumwangalie mtu anayejua kupendekeza. Mama mboga wa karibu na kwenu. Unafika jioni umechoka, unaomba avokado, na kabla hujanyoosha mkono anakuuliza, "Kastoma, ya leo ama ya kesho?" Anazigusa moja moja kwa kidole gumba, ile anairudisha, hii anakupa. Ukisema ya leo, unakula leo. Anauza, ndiyo, na faida yake imo ndani, wala hajifichi. Lakini akikupa mbichi, kesho asubuhi utapita mbele yake ukienda stage na mtaangaliana. Wateja wake ni ploti tatu nne zinazomzunguka, na ploti huongea. Ndiyo maana kuna siku atakwambia, "Hizi nyanya za leo achana nazo, zimepigwa na mvua." Sasa niambie, ni lini mara ya mwisho mtu mwenye wafuasi laki tatu alikwambia achana na kitu?

Upande wa pili kuna matatu inayosubiri kujaa. Huu mchezo kila anayesafiri Nairobi anaujua. Unachungulia dirishani, unaona viti vimejaa, vimebaki viwili. Unaingia mbio ukijua mnaondoka saa hii. Umekaa, umelipa, umefunga mkanda kama kuna mkanda. Halafu jamaa wa nyuma anashuka polepole. Mwenzake anamfuata. Kumbe walilipwa wakalie viti ili gari lionekane limejaa! Umebaki wewe, dereva ambaye hayuko, na mama mmoja mwenye gunia la sukuma.

Angalia vizuri aliyekudanganya hapo. Si mpiga debe. Mpiga debe anapayuka, anavuta begi lako, anasema "wawili waende" wakati wanahitajika kumi, lakini unajua kazi yake, na sikio lako limejipanga. Aliyekudanganya ni yule aliyekaa kimya dirishani kama abiria mwenzako. Mimi sina ugomvi na mabango ya Thika Road. Bango ni mpiga debe. Ugomvi wangu ni na abiria wa kukodi, yule anayekuja kwenye simu yako bila kuoga vizuri, na kitambaa kichwani, akisema, "Wasee, hii sikuwa nataka kuwaambia, lakini imebadilisha ngozi yangu." Aliandikiwa hayo maneno. Hata hicho kitambaa kilikubaliwa kwenye barua pepe.

Bei ya hicho kiti tunaijua kidogo. Mwaka 2021 Mozilla Foundation ilitoa ripoti kuhusu kampeni za kulipwa kwenye Twitter ya Kenya, na ndani yake kulikuwa na vijana waliokuwa wakipata kati ya dola 10 na 15 kwa kampeni moja ili wavumishe hashtegi za siasa. Ni siasa, sio losheni, najua. Lakini simu ni ileile na kidole ni kilekile: unatumiwa maneno kwenye WhatsApp, unayabandika, M-Pesa inalia. Mtu aliyezoea kuuza hasira asiyonayo atashindwaje kuuza shampuu asiyoitumia?

Najua jibu linalokuja. "Buda, watu wanatafuta unga. Kazi hakuna." Ni kweli kabisa, na mtu akiniambia amepata shilingi elfu tano kwa kushika chupa ya juisi mbele ya kamera, nitampongeza na kumwomba soda. Kazi ya kutangaza ni kazi. Ninachokataa ni kuificha. Andika tu, juu kabisa, kwa herufi zinazosomeka: nimelipwa. Neno moja! Mbona neno moja linawashinda watu wanaoweza kuongea dakika nne kuhusu mswaki? Linawashinda kwa sababu kinachonunuliwa si ile video. Kinachonunuliwa ni wewe kuamini kwamba ni rafiki, na ukishaambiwa amelipwa, bidhaa yenyewe imeharibika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi, lakini sijui nani atatembea na sheria kila kona ya Instagram. Kwa hivyo tutabaki na aibu, na aibu ndiyo hiyo nayo tumeiacha ife.

Kuna wanaosema nakuza mambo, ni losheni tu. Sawa, tuongee losheni. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zilipigwa marufuku Kenya zamani, na bado zinauzwa, katikati mwa jiji na kwenye simu, kwa jina la "kung'aa" na "kurekebisha rangi." Zebaki huumiza figo. Haidrokwinoni ukiitumia kwa muda mrefu inaweza kukuachia weusi mbaya kuliko ule uliokuwa unaukimbia. Anayekuambia "mimi hutumia hii kila usiku" na hatumii, amekupeleka mahali ambapo yeye mwenyewe hataki kwenda. Sura ni yako, figo ni zako, pesa ni zake.

Ama tuongee kamari, ambapo abiria wa kukodi wamefanya kazi yao chafu kuliko zote. Aprili 2025 bodi inayosimamia michezo ya kamari ilisimamisha matangazo yake kwa siku 30, kisha zikaja kanuni za kuwazuia watu maarufu na mainfluensa wasiipigie debe. Wakati huo tulikuwa tumeshaona miaka mingi ya picha za skrini: nimeweka mia, nimetoa elfu thelathini. Hakuna aliyepiga picha ile mia iliyoenda na haikurudi. Na aliyezituma si kampuni. Ni msee mnayejuana, mliyesoma naye, anayekuita "bro."

Ulinganishe na shangazi. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu kupita kiwango. Mimi orodha niliipata kwa shangazi. Aliituma mara tatu kwenye kikundi cha familia, na chini akaandika kwa herufi kubwa: MSIPIKE. Ndiyo, shangazi huyohuyo hututumia kitunguu saumu na tangawizi kwa kila ugonjwa uliopo duniani. Lakini shangazi akikosea, tunamwambia Krismasi mbele ya watu wote, na atanyamaza wiki mbili. Mainfluensa akikosea anafuta posti.

Nikija kwa muziki, mambo ni yaleyale ila mwongo hana hata uso. Programu inakwambia, "Tumekuchagulia hizi." Nani amechagua? Spotify, kabla hata haijafika Kenya mwaka 2021, ilikuwa imeshatangaza mpango ambao msanii ama lebo inaweza kutaja wimbo inaotaka usukumwe kwa wasikilizaji, na kwa kubadilishana ikakubali malipo madogo kwa huo wimbo. Hiyo nayo ni nafasi ya kukodi, ila imevaa hesabu. Unadhani mashine imekujua moyo, kumbe kuna mtu amepunguziwa hela ili akufikie.

Sisemi zamani watu walikuwa malaika. Redio nazo zilikuwa na mambo yao. Lakini fikiria wimbo kama "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978. Mtu wa miaka ishirini na mbili anaujua leo, na hakuna kampuni iliyomlipia aujue. Aliusikia kwa mjomba akiosha gari, kwa harusi saa nne usiku wazee walipoamka kwenye viti, kwa ile matatu ya zamani ambayo dereva haruhusu kondakta kugusa redio. Kila mmoja wa hao alikuwa akisema bila kusema: huu ni wangu, chukua. Wale waliokuwa wakinunua kadi za salamu na kuzituma redioni, wakitaja majina ya nusu ya kijiji, walikuwa wanafanya hivyohivyo. Wimbo ulikufikia ukiwa na jina la mtu juu yake. Hata ukiuchukia, ulijua umchukie nani.

Nanyi mnaotikisa kichwa kukubaliana nami, msitulie sana. Nusu ya hii shida ni sisi. Hawa wa kukodi wangekuwa na kazi ngumu kama sisi wengine tungekuwa tunaongea. Lakini kuna wale wa kubania. Unamuuliza mtu nguo kanunua wapi Gikomba, anakwambia "kuna mahali tu." Mahali tu! Fundi wake wa simu ni siri ya serikali. Kibanda cha viazi karai anakitaja kama anataja dili. Anaogopa foleni, ama anaogopa kufanana na wewe. Halafu biashara inafungwa kwa kukosa wateja na yeye ndiye wa kwanza kuandika "Nairobi imekosa vitu vizuri."

Na kuna waoga, ambao ni wengi zaidi. Ukiwauliza chakula kilikuwaje: "iko tu sawa." Filamu: "si mbaya." Fundi: "jaribu tu uone." Wanaogopa lawama. Na lawama ipo, sikatai. Nikikupa namba ya fundi wa bomba na akuachie jikoni kidimbwi, utanipigia mimi kabla hujampigia yeye. Ni haki yako! Hiyo simu ya hasira ndiyo inayofanya namba yangu iwe na thamani. Anayetaka kupendekeza bila kupigiwa hiyo simu anataka kuwa bango.

Kwa hivyo mkiniambia nijaribu kitu, niambieni na bei, maana "bei njoo inbox" si mapendekezo, ni mtego. Niambieni mmekitumia kwa muda gani. Niambieni kimewafaa kwa sababu gani, maana nywele zako si zangu na tumbo lako linaweza pilipili nisiyoiweza. Zaidi ya yote, niambieni ubaya wake. Mtu anayependa kitu kweli huujua ubaya wake vizuri kuliko adui, kama vile unavyojua mlango wa kwenu unakwama wapi. Asiyeweza kutaja kasoro hata moja ama amelipwa ama hajafungua paketi.

Isionekane nimekaa pembeni nikirusha mawe, zangu za mwezi huu ni hizi, na sijalipwa.

Arimis. Ndiyo, mafuta ya kukamulia ng'ombe. Kwa baridi ya Julai na visigino vilivyopasuka sijapata kitu kingine cha bei hiyo. Watu waliyatoa zizini wakayaleta kitandani wenyewe, kwa kuambiana. Ubaya: yananata, vumbi la barabarani litakupenda, na foronya nyeupe sahau.

Mahamri na mbaazi za nazi, asubuhi. Ukiwa Mombasa huhitaji ushauri wangu, fuata harufu. Ukiwa Nairobi tafuta kabla ya saa nne, kwa sababu hamri la mchana ni jiwe, na usikubali mtu akuuzie mandazi kwa jina hilo.

Sikiliza En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada, albamu ya mwaka 1993, hasa "Kothbiro," mvua ikianza kunusia ukiwa peke yako. Usiicheze kwenye sherehe. Nimeona ikichezwa kwenye sherehe. Watu walikaa chini, mmoja akampigia mamake.

Kuhusu mutura sitaji mtu. Kila mtaa na wake, na sitaki vita.