Nyavu za Wavuvi Katika Vita vya Ukraine: Jawabu kwa Mzee Aliyeuliza Kuhusu Mwanawe



Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na rehma na amani zimshukie Mtume Wake Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake. Amma ba'd.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, alinifuata mzee mmoja akanivuta pembeni. Mwanawe ameletewa habari kwenye simu kwamba iko kazi ya ulinzi Urusi, tiketi inalipwa, mshahara ni wa dola, na lugha si lazima aijue. "Sheikh, kuna ubaya gani akienda kulinda ghala?" Sikumjibu pale pale. Nilimwomba anipe muda, nami nikaona bora niandike ili na wengine wasome, maana najua si yeye peke yake.

Barazani kwetu, kwenye kahawa, vita hivi vimekuwa kama mpira. Yupo anayeishangilia Urusi kwa sababu haipendi Marekani, na yupo anayeishangilia Ukraine kwa sababu hajasahau yaliyofanywa Chechnya na Syria. Kila mmoja ana ramani kwenye simu yake, sote majenerali. Lakini sijasikia hata siku moja mtu akiuliza: huyu askari anayetembea ndani ya ramani hiyo amevaa nini, na akijeruhiwa nani atamfuata?

Vita vilianza tarehe 24 Februari 2022. Sisi wa Unguja tunaikumbuka siku hiyo kwa namna yetu, kwani watalii karibu elfu moja wa Ukraine walikuwa katika hoteli za hapa, wakaamka hawana pa kurudi mpaka zilipopatikana ndege za kuwapeleka Poland. Mwaka ule wa kwanza majeshi yalihama kwa kasi. Warusi walifika ukingoni mwa Kyiv wakarudi nyuma. Septemba Waukraine waliirejesha sehemu kubwa ya jimbo la Kharkiv kwa siku chache, na Novemba wakaingia mji wa Kherson. Baada ya hapo mambo yakaganda.

Bakhmut ulikuwa mji wa watu kama 70,000. Warusi waliupigania karibu miezi kumi mpaka Mei 2023, na walipoupata ulikuwa vifusi. Yevgeny Prigozhin, aliyekuwa mwenye jeshi la kukodiwa la Wagner, alisema kwa kinywa chake kwamba alipoteza watu kama 20,000 pale, na nusu yao walikuwa wafungwa waliotolewa magerezani. Mwezi uliofuata Ukraine nayo ikajaribu bahati upande wa kusini, ikiwa na vifaru vya Ujerumani, ikakwama kwenye mashamba yaliyojaa mabomu ya kutegwa ardhini. Mpaka mwisho wa Agosti ilikuwa imefika kijiji cha Robotyne, mwendo wa kilomita kama kumi tu.

Mwaka 2024 ukawa wa Warusi. Waliuchukua mji wa Avdiivka mwezi wa Februari, wakaendelea kusukuma. Wachunguzi wa ramani wanakadiria kwamba mwaka mzima walipata kilomita za mraba 4,000 na kitu. Zinasikika nyingi, lakini hazifiki mara mbili ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja, na Ukraine nzima ina kilomita za mraba zaidi ya 600,000. Kwa hiyo ni chini ya asilimia moja. Na bei yake? Waandishi wa BBC na wenzao wa Mediazona, wanaohesabu jina kwa jina kutoka makaburini na kwenye matangazo ya vifo, wamepita majina 100,000 ya askari wa Urusi waliokufa tangu vita vianze. Rais Zelensky alisema Februari 2025 kwamba waliouawa upande wake ni zaidi ya 46,000, na wako wanaoamini kuwa ni wengi zaidi.

Sababu ya kwenda polepole hivi ni droni. Si zile ndege kubwa za mamilioni ya dola. Ni vidude vidogo vinavyoweza kubebwa kwenye mkoba, vya dola mia chache, vimefungwa bomu. Anayekirusha yuko shimoni mbali huko, amevaa miwani maalumu, anaona kila kinachoonwa na droni yake, na anaweza kumfuata mtu mmoja mpaka ndani ya handaki. Kifaru cha mamilioni kinaunguzwa na kidude hicho. Kila upande wa mstari wa mbele, kwa kilomita kama 15 hadi 20, hakuna gari linalotembea mchana kwa usalama. Askari huingia kwa miguu, wawili au watatu, au hukimbia na pikipiki kama za bodaboda. Majeshi yakatafuta mitambo ya kuvuruga mawimbi ili droni zipotee, na kuanzia 2024 zikaja droni zinazovuta nyuma yao uzi mwembamba wa faiba, ambazo mawimbi hayazihusu. Picha za mashamba ya huko zinaonesha nyuzi hizo zimetanda majanini kama utando wa buibui.

Dawa yake iliyopatikana ni nyavu. Wavuvi wa Ufaransa na wa nchi za Skandinavia wamepeleka nyavu zao kuukuu, zikatundikwa kwenye miti juu ya barabara, kilomita kwa kilomita, ili droni inase kabla haijaifikia gari ya wagonjwa. Mimi ni mtoto wa pwani, nimekua nikiona nyavu zikianikwa, na sikupata kudhani kwamba iko siku mwanadamu atapita chini yake kama samaki anayeomba asitoke nje.

Sasa tumwangalie askari mwenyewe. Fulana ya kuzuia risasi ina mabamba mawili, la kifuani na la mgongoni, na kila moja huwa na uzito wa kilo tatu hivi. Ongeza kofia ya vita, bunduki, risasi, maji, chakula na betri, mzigo unafika kilo 25 hadi 30 au zaidi, naye anatembea kilomita nyingi usiku. Bamba linazuia risasi ya kifua. Haliilindi shingo, wala paja, wala kinena, na droni inakuja kutoka juu. Kwa hiyo kifaa ambacho askari wa mstari wa mbele wanakithamini kama roho ni mkanda wa kubana mguu au mkono damu isitoke. Mkanda huo kwa kawaida unatakiwa usikae zaidi ya saa mbili mpaka majeruhi aonwe na daktari. Lakini droni zimezuia gari za wagonjwa, na mtu anaweza kusubiri siku nzima, pengine siku kadhaa. Damu inazuilika, roho inabaki, mguu unakufa. Tena zimeingia mikanda ya bandia, rahisi, inayokatika mkononi mwa anayeibana.

Dini yetu haidharau zana. Qur-aan inatufahamisha kwamba Nabii Daawuud ('alayhis-salaam) alifundishwa na Allaah kutengeneza nguo za vita ili ziwalinde watu (Suratul-Anbiyaa, Aayah ya 80), na imewaamrisha Waumini kushika tahadhari zao (Suratun-Nisaa, Aayah ya 71). Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) siku ya Uhud alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine, na hakuna aliyekuwa na tawakkul kuliko yeye. Kumpeleka mtu vitani bila kinga ni kuudhulumu uhai wake. Urusi ilipowaita watu 300,000 mwezi wa Septemba 2022, familia nyingi zilijinunulia fulana na dawa kwa fedha zao, na bei ikapanda madukani. Ukraine ilimbadilisha waziri wake wa ulinzi Septemba 2023 baada ya kashfa za manunuzi ya chakula na makoti ya baridi wizarani. Urusi ilimkamata naibu waziri wa ulinzi, Timur Ivanov, Aprili 2024, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 13 kwa ubadhirifu. Mafakihi wanaijua dhambi ya ghuluul, kuiba mali ya jeshi. Katika Sahihi mbili imo habari ya mtumishi aliyeuawa kwa mshale msafarani, watu wakampongeza kwa shahada, Mtume akawaambia kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawiwa inamuwakia moto. Shuka moja! Vipi anayekula fedha ya fulana elfu kumi?

Linalonisikitisha zaidi ni Waislamu. Ramzan Kadyrov amepeleka Wachechnya wake na kuviita vita hivi jihadi. Wachechnya wengine wanapigana upande wa Ukraine katika kikosi kinachojinasibisha na Sheikh Mansur. Watatari wa Crimea wameitwa katika jeshi la Urusi, na ndugu zao wako ng'ambo ya pili. Said Ismagilov, aliyekuwa mufti huko Ukraine, alivua kilemba mwaka 2022 akawa anaendesha gari la kubebea majeruhi. Mimi katika wote hao namhusudu huyu wa mwisho. Hadithi ya Abu Bakrah (Radhiya Allaahu 'anhu), kuhusu Waislamu wawili wanaokabiliana kwa panga na mwisho wao sote wawili, tunawasomesha watoto chuoni. Hukumu yake haikufutwa kwa kuwa upanga umekuwa droni.

Nirudi kwa mzee wangu. Urusi inalipa: mwezi wa Julai 2024 mji wa Moscow ulitangaza rubli milioni 1.9 kwa anayetia saini tu, zaidi ya dola 20,000. Kwa nini basi watafute watu Afrika? Kwa sababu wao wenyewe wanapungua. Januari 2023 Serikali yetu ilieleza habari ya Mtanzania aliyekwenda kusoma, akafungwa huko, akaahidiwa kuachiwa akijiunga na Wagner, akauawa Oktoba 2022. Serikali ilikumbusha wakati ule kwamba sheria hairuhusu raia kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Kenya ilisema Novemba 2025 kwamba raia wake zaidi ya 200 wamo katika jeshi la Urusi. Mmoja aliyetekwa na Waukraine alisema alikwenda kutembea tu, akatiwa saini karatasi za Kirusi asizozielewa. Mabinti nao hawakuachwa. Huko Alabuga, katika Tatarstan, ardhi ya Waislamu wenzetu, wasichana kutoka Uganda, Kenya na kwengineko waliahidiwa mafunzo ya hoteli na upishi, wakajikuta wanaunda droni za vita. Aprili 2024 droni ya Ukraine ilipiga bweni la hapo hapo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka mpakani.

Kwa hivyo, mzee wangu, ghala analoitiwa mwanao huenda halina mlango. Kupigana kwa ujira katika vita visivyo vyako, kuua watu wasiokudhulumu, mimi siioni njia ya kukuhalalishia, na mshahara wake si wa halali.

Iko na ya pili, ambayo wazazi hawaifikirii. Maiti wengi hawaokotwi, kwani anayekwenda kuwachukua naye anawindwa. Mtu akipotea hivyo anakuwa mafquud. Mke wake, kwa kauli mpya ya Imam Shaafi'iy, anangoja mpaka ipatikane yakini ya kifo. Kwa kauli ya kale, anangoja miaka minne, kisha anakaa eda ya miezi minne na siku kumi. Mirathi haigawiwi mpaka kifo kithibiti au kadhi ahukumu. Na kadhi wetu atathibitisha kwa ushahidi gani, kwa mtu aliyeondoka na namba ya simu ya wakala?

Ikiwa kijana bado ana hamu, chukueni mkataba wake kabla ya tiketi, usomwe na anayejua Kirusi, mbele ya wakili, na muulize wizara inayohusika na kazi za nje. Wakala akikataa kuutoa, jawabu mmeshalipata. Na mwambie aje kwangu baada ya Magharibi, nimfahamu anadaiwa nini.

Wallaahu A'lam.