Kifua na Vidole

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya kukosa pumzi. Yuko mtu asiyeweza tena kupanda kilima cha shamba lake la kahawa ila apumzike mara tatu. Anakohoa. Amepimwa makohozi, kifua kikuu hakikuonekana. Pumu siyo. Moyo ni mzima. Basi majirani wanaanza kunong'ona, na jamaa wanatafuta mbuzi wa kumpelekea mganga. Ngojeni kwanza.

Mwambieni anyoshe mikono. Je, asubuhi vidole hukaza hata hawezi kushika mpini wa jembe? Viungo vimevimba? Baridi ya Juni ikija huku milimani, ncha za vidole hugeuka nyeupe? Macho na kinywa hukauka? Atasema, "Hayo ni ya vidole, mimi naumwa kifua." Kumbe huenda ni ugonjwa mmoja.

Mwili una walinzi wake wa kupigana na vijidudu. Kwa watu wengine walinzi hao hukosea, wakapigana na mwili wenyewe: viungo, ngozi, hata mapafu. Mapafu yenye makovu hayatanuki vema, na pumzi hupungua.

Tena vumbi huzidisha mambo. Mwaka 1953 Daktari Anthony Caplan aliandika habari za wachimbaji wa makaa ya mawe kule Wales: wale wenye ugonjwa wa viungo walionekana na vinundu vya namna ya pekee katika picha ya kifua. Mwaka 1957 Daktari Erasmus alieleza ugonjwa wa ngozi kukakamaa kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, nchi walikokwenda wanaume wengi wa kandokando ya ziwa letu. Nasi tunayo makaa ya mawe ya Ngaka, hapa hapa Mbinga. Sisemi kila mchimbaji ataugua, lakini vumbi lisidharauliwe.

Basi tufanye nini? Kwanza, mtu akikohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure. Pili, kisipoonekana naye bado anahema, arudi kwa daktari, asikae nyumbani. Huenda akaandikiwa kwenda Litembo au Peramiho. Tatu, aeleze kazi zote alizofanya, mgodini, kwenye kupasua mawe, au jikoni penye moshi, na maumivu yote, hata ya vidole. Aulize kama yafaa kupigwa picha ya kifua na kupimwa damu. Zipo dawa za kuwatuliza walinzi hao, lakini makovu ya zamani hayafutiki. Ndiyo maana kuwahi kuna faida. Vidonge vya dukani asijinunulie mwenyewe. Na midomo ikigeuka buluu, au akishindwa kumaliza maneno kwa kuhema, apelekwe hospitali saa ile ile.

Kama nyumbani mwenu yuko mzee anayesema, "Ni uzee tu," mwulizeni leo habari za vidole vyake.