Hesabu za wahanga zisifutwe kwa kidole kimoja

Ndugu na dada wa Kisangani, siku hizi kupoteza feza ya raia hakuombi tena kuchoma bilo. Inatosha mutu mumoja abonyeze «futa», kisha aseme mashini imekufa.

Tunasema hivi kwa sababu ya FRIVAO. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325, milioni 65 kila mwaka kwa miaka 5. Milioni 225 ni za watu waliouawa, waliojeruhiwa na walioteswa. Kati yao kuko mama na baba zetu wa Vita vya Siku Sita, vya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Wengi walipoteza karatasi zao kwenye mabomu. Leo ushahidi wao ni jina kwenye liste. Jina likifutika, muhanga anakufa mara ya pili.

Feza hiyo imeshapata majaribu. Septemba 2025, korti ilimuhukumu waziri wa zamani wa haki, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi ngumu, kwa ajili ya dola milioni 19 za gereza la Kisangani. Malipo yalipita benki, na benki inabakisha alama. Je, liste ya wahanga nayo iko na alama?

Sheria ya hesabu ya OHADA, ambayo Congo iliingia mwaka 2012, iko wazi: kosa halifutwi. Linaandikwa tena kwa alama ya kutoa, kisha hesabu ya kweli inafuata. Programu ya hesabu haipashwe kukubali mutu afute kilichokwisha kuhakikishwa, na vitabu vinachungwa miaka 10.

Kwa hiyo tunadai mambo ine. Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, na programu iandike nani amebadilisha nini na saa ngapi. Kopi ifanywe kila siku, moja ikae nje ya bilo, nje ya mji. Kila mwezi kopi ifunguliwe mbele ya mashahidi, sababu kopi isiyojaribiwa ni matumaini tu. Na kila muhanga apewe karatasi yenye namba ya dosie yake.

Siku wakituambia «data zimepotea», tusirudi nyumbani kulia. Mara nyingi kufuta kunaondoa njia tu; maandishi yanabaki kwenye diski mpaka mengine yaandikwe juu yake. Tuseme: zimeni mashini, musiandike kitu tena, leteni fundi na mwendesha mashtaka.

Na ninyi vijana wa Yahuma, musiseme hayo ni ya mjini. Daftari ya kodi inayoliwa na mvua na mchwa ni data iliyofutwa pia. Ulizeni teritware: kopi iko wapi?

Feza ni ya raia. Hesabu nayo ni ya raia.