Kidonda cha Mguu si Uvivu

Mkata miwa mwenye ugonjwa wa kisukari akichomwa na kisiki, huenda asisikie maumivu. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu miguuni, tena hudhoofisha chembe nyeupe, askari wa mwili. Kidonda kidogo huoza, hata mguu ukakatwa. Na hatari yake ya kupata kifua kikuu ni mara 2 hadi 3 ya mwenzake.

Kumfukuza kazi si dawa. Tunadai buti za mpira, kipimo cha sukari katika zahanati ya shamba, na saa ya kula isiyovunjwa. Nasi tutimize wajibu: tutumie dawa kama tulivyoagizwa, tukague nyayo kila jioni.

Mguu ndio mtaji wetu.