Ugoko Ukiuma Siyo Uvivu

Najua nimepotea kama mwezi mzima. Ilikuwa majaribio yamebanana, boom limechelewa, na yale mambo yetu ya chuoni ambayo si mnayajua. Leo Jumapili nimefua, nimekula maharage yangu, sasa nimekaa kitandani na nina jambo la kusema. Limenikaa kooni tangu Alhamisi.

Alhamisi kwenye semina tulikuwa tunajadili nidhamu ya wanafunzi. Kaka mmoja akasimama akasema mwanafunzi anayelalamika miguu inauma wakati wa mchakamchaka, dawa yake ni kumwongezea mizunguko miwili, maumivu yataisha yenyewe. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Mwaka jana nilisema maneno yaleyale kwa mdomo wangu, na mpaka leo nikiyakumbuka naona aibu.

Ilikuwa wakati wa field. Nilipangiwa sekondari moja ya kata, nje kidogo ya mji wa Bariadi, jina lake naliacha. Kwangu ilikuwa raha tupu kwa sababu nimezaliwa hukohuko. Wakati nazaliwa tulikuwa bado tunaitwa watu wa Shinyanga, maana mkoa wetu wa Simiyu umeanzishwa mwaka 2012. Basi nikawa nyumbani, nakula michembe, nasalimiana na bibi zangu "mwangaluka" asubuhi, nafundisha Jiografia na Kiswahili. Wanafunzi wananiita madamu, nami najiona mkubwa kweli.

Wiki ya pili nikawekwa zamu. Zamu maana yake saa kumi na mbili na nusu uko uwanjani, wanafunzi wanaimba, wanakimbia mchakamchaka kuzunguka shule. Ilikuwa mwezi wa saba. Wanaoijua ardhi yetu wanajua: ile mbuga nyeusi ambayo masika inanasa mguu kama gundi, kiangazi inakauka, inapasuka na kuwa ngumu kama sakafu ya saruji.

Kijana mmoja wa kidato cha pili akawa anabaki nyuma kila siku. Amevaa mabuti meusi ya ngozi ngumu, marefu kupita kifundo. Siku ya tatu akanifuata akasema kwa sauti ya chini, "Madamu, ugoko unaniuma." Nikamwangalia juu mpaka chini nikamwambia, "Acha kudeka wewe, mwanaume mzima. Ongeza mzunguko mmoja." Wenzake wakacheka. Akakimbia. Hakusema tena.

Baada ya siku kumi hivi akawa anachechemea hata darasani. Kisha hakuja kabisa. Nikachukua bodaboda nikaenda kwao, kama kilomita sita hivi, njia ambayo yeye huipita kwa miguu kwenda na kurudi. Nikamkuta amekaa kivulini, mguu juu ya kigoda. Mama yake akanikaribisha vizuri sana, na ule ukarimu ndio ulionichoma zaidi. Akaniambia, "Mwalimu, mabuti ni ya kaka yake, analinda usiku Mwanza. Ni makubwa kidogo lakini nilisema atakua nayo."

Nikageuza buti nikaangalia soli: namba 43. Kijana anavaa 40.

Tulimpeleka hospitali. Daktari akabonyeza mfupa taratibu, wakapiga eksirei, akasema hakuonekana ufa lakini mfupa umechokozwa vibaya, na angeendelea kukimbia hivyo ufa ungeweza kuja. Akapumzishwa wiki tatu. Wiki tatu za masomo kwa mtoto wa kidato cha pili, mwaka wa mtihani wa taifa! Kwa sababu ya buti na mdomo wangu.

Sasa hebu tuelewane. Ugoko, au muundi kama wengine wanavyoita, ni mfupa wa mbele kati ya goti na kifundo. Ushike wako sasa hivi. Mbele pale hakuna nyama: ni ngozi, halafu mfupa. Na mfupa umefunikwa na utando mwembamba wenye mishipa ya fahamu, ndiyo maana ukijigonga kwenye stuli machozi yanatoka. Kitu kigumu kikisugua pale mara elfu kwa siku, lazima paume.

Kilichonishangaza nilipoanza kusoma habari hizi ni kwamba buti kubwa linaweza kuumiza ugoko kama linavyoumiza buti la kubana, na wakati mwingine kuzidi. Mguu ukielea ndani ya buti, kila hatua unateleza mbele na nyuma, na ugoko unakwenda kugonga shingo ya buti. Vidole vinajikunja kujaribu kulishika buti lisivuke. Misuli ya mbele ya mguu, ambayo kazi yake ni kuinua wayo kila hatua, inabeba buti zito kutwa nzima. Ongeza mbio kwenye ardhi ngumu, tena kwa mtu aliyeanza ghafla baada ya likizo, umepata maumivu kamili.

Na hili si la kwetu tu. Wanaoteleza kwenye theluji, kama yule Mkenya Sabrina Simader aliyeshiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 kule Pyeongchang, huvaa mabuti magumu ya plastiki ambayo ugoko unaegemea mbele muda wote. Maumivu ya ugoko ni wimbo wa kila siku kwenye mchezo ule. Na kosa wanaloonywa nalo wanaoanza ni hilohilo la mama yetu wa Bariadi: kuchukua buti kubwa kuliko mguu. Wao wanachukua kubwa wakidhani ni starehe, sisi tunachukua kubwa kwa sababu hela ya pamba inakuja mara moja kwa mwaka.

Kiatu cha kukulia! Nani hajavaa? Mimi mama alikuwa anachukua kijiti cha ufagio, anapima wayo wangu, anakwenda nacho mnadani, halafu anarudi na kiatu kilichozidi kijiti vidole vitatu. Mbele anashindilia pamba, maana pamba kwetu haikosekani. Simlaumu hata kidogo. Lakini kijiti kilikuwa kinasema kweli, sisi ndio tulikuwa hatukisikilizi. Kiatu kikizidi kidole chako kirefu kwa upana wa dole gumba moja, inatosha. Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kutwa nzima, na pima ukiwa na soksi utakazovaa. Tembea. Kisigino kikipanda na kushuka ndani, hicho kiatu siyo chako.

Na kama buti ndilo hilohilo, hakuna jingine? Hapo ndipo wengi tulipo, kwa hiyo nisiwape ushauri wa matajiri. Tulichofanya kwa yule kijana ni hiki. Kwanza soksi ndefu, zipite juu ya shingo ya buti, zivutwe zisiwe na mkunjo hata mmoja, na suruali isichomekwe ndani, maana kila mkunjo ni kama kijiwe. (Mabinti wanaovaa gambuti na sketi majarubani, hili linawahusu sana: ugoko mtupu na mpira haviendani.) Pili soli ya ndani, hata ya kukata kwenye boksi gumu au sponji la godoro bovu, buti lijae. Tatu namna ya kufunga: ingiza mguu, gonga kisigino chini mpaka kikae nyuma kabisa, halafu kaza kamba kwenye kifundo, na juu legeza kidogo. Kama kuna tundu la kamba linalokandamiza pale panapouma, liruke. Nne, kipande cha sponji chenye tundu katikati, kama andazi la duara lenye shimo. Tundu linakaa juu ya kidonda au pale panapouma, mkandamizo unakwenda pembeni. Ukiweka sponji juu ya maumivu yenyewe unaongeza mkandamizo palepale.

Paliposhaanza kuuma, dawa ya kwanza ni kupumzika kukimbia. Najua haifurahishi. Weka kitambaa cha maji baridi sana, au barafu ya mia ya dukani iliyofungwa kwenye nguo, dakika 15 mpaka 20, mara kadhaa kwa siku. Inua mguu ukikaa. Ukipata nafuu rudi polepole: tembea kwanza, kisha mbio fupi kwenye nyasi au mchanga laini, na ongeza kidogo wiki kwa wiki. Simama ukipanda na kushuka kwa vidole mara kumi na tano, inaimarisha misuli ya chini. Na jamani, ile tabia ya kumchua mtu kwa nguvu na maji ya moto siku ileile, tuiache. Hujui kama chini pana ufa.

Nikae hapa kidogo kwa sababu ni hatari. Maumivu yaliyotandaa urefu wa mfupa mara nyingi hutulia kwa kupumzika. Lakini ukiweza kuonyesha kwa kidole kimoja "ni hapa", na panauma hata usiku umelala, nenda hospitali, inaweza kuwa ufa. Eksirei ya kwanza wakati mwingine haiuonyeshi, kwa hiyo maumivu yakibaki rudi tena. Wayo ukifa ganzi au ukishindwa kuuinua, nenda siku hiyohiyo. Na mtoto mwenye maumivu ya mfupa pamoja na homa, au uvimbe mwekundu wa moto, usisingizie kiatu. Inaweza kuwa maambukizi ndani ya mfupa. Tena sisi Kanda ya Ziwa ni kati ya sehemu za nchi zenye seli mundu kwa wingi, na seli mundu huja na maumivu makali ya mifupa. Huyo anahitaji daktari, hahitaji mzunguko wa pili.

Najua mtakachoniambia. Mtaniambia habari za John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 mguu umefungwa bandeji, wa mwisho kabisa, giza limeingia. Nami namheshimu mzee wetu kuliko mnavyodhani. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, siku moja, na yeye mwenyewe aliamua. Sisi tunamchukua Akhwari tunamfanya fimbo ya kumchapia mtoto kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Mbona hatumkumbuki Abebe Bikila wa Ethiopia? Mwaka 1960 alishinda marathoni ya Roma akikimbia peku. Mwaka 1964 kule Tokyo akavaa viatu, akashinda tena. Mimi nasoma hapo kwamba mguu kwanza, kiatu baadaye.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Sheria ya viatu vyeusi vya kufunika ibaki darasani kama ni lazima, lakini uwanjani mtoto aruhusiwe raba, hata ya rangi ya machungwa, na aliyevaa buti la kaka yake atembee. Mchakamchaka usiwe adhabu. Na sisi tunaosomea ualimu, tunaokariri nadharia za kujifunza mpaka usiku wa manane, tufundishwe pia kumtazama mtoto miguuni kabla hatujamwita mvivu. Inachukua sekunde tano. Mimi zilinishinda.

Yule kijana alirudi wiki mbili kabla sijaondoka. Siku ya kuagana akaja ofisini akasema, "Shikamoo madamu, sasa hauumi." Nikamwomba msamaha mbele ya wenzake walewale waliocheka. Alishangaa sana. Nadhani hakuwahi kusikia mwalimu akiomba msamaha.

Alhamisi ijayo semina inaendelea na nimeshamwomba mhadhiri nafasi ya kuzungumza. Yule kaka ajiandae. Wadau mliopitia mabuti ya kurithi na viatu vya kukulia, nanyi semeni yenu. Nawatakia wiki njema, na kesho kabla hujatoka vuta soksi vizuri.