Anayetuuzia Picha Atajibu kwa Nani?

Mama akienda sokoni hapa Kalemie kununua ndakala, hutazama kopo kwa macho mawili. Muuzaji akilijaza nusu, mama apiga kelele, majirani wasikia, na mkubwa wa soko aja kuamua. Hakuna anayemwona mama huyo kuwa mgomvi. Feza ni yake, na kipimo ni haki yake.

Lakini baba wa nyumba hiyo hiyo, jioni ile ile, aenda kulipa mwezi wa televizio, wala haulizi neno. Bei imetajwa kwa dola, naye ana franka mkononi. Kiwango cha kubadili ni kile apendacho muuzaji. Aomba risiti, aambiwa kwamba ujumbe utafika katika simu. Umeme wa Bendera ukikatika siku 10, siku za televizio zaendelea kuhesabiwa kana kwamba alikuwa akitazama. Mashindano ya mpira aliyoyalipia yahamishwa katika kifurushi cha bei kubwa zaidi. Aende kulalamika kwa nani? Kijana wa dukani atasema: «Mimi nauza tu. Wakubwa wako Kinshasa.»

Basi twauliza waziwazi: mtu anayefanya biashara Kalemie, akipokea feza ya watu wa Kalemie, kwa nini asijibu Kalemie?

Wengine watasema: «Kinshasa kuna ofisi za kutulinda.» Hebu tukumbuke habari ya RAM. Mwaka 2002 serikali iliunda ofisi ya ARPTC ili isimamie posta na simu. Kumbe, tangu Septemba 2020, wenye simu walianza kukatwa yunite zao kwa ajili ya daftari la simu za mkononi, lililoitwa RAM. Mwenye simu ndogo alikatwa dola 1 kwa mwaka. Mwenye simu ya 3G au 4G, dola 7. Feza ilikatwa na makampuni ya simu kwa ajili ya ofisi ile ile iliyowekwa kuyasimamia! Mchungaji alipokuwa akikamua maziwa, nani angelinda ng'ombe? Watu walinung'unika, vijana waliandamana, wabunge walimwita waziri mwaka 2021, na mwanzoni mwa mwaka 2022 RAM ikafutwa.

Habari hiyo yatufundisha mambo mawili. La kwanza: kelele za wengi zina nguvu. La pili: mlinzi aliye mbali, tena anayekula katika sahani moja na anayelindwa naye, si mlinzi.

Tutazame ng'ambo. Kigoma, upande wa pili wa ziwa letu, ni nchi ya Tanzania. Sheria ya huko ya mwaka 2003, iliyounda ofisi ya kusimamia mawasiliano, iliunda pamoja nayo baraza la kuwatetea watumiaji. Marekani, ambako televizio hupita katika nyaya chini ya barabara na juu ya nguzo, sheria ya mwaka 1984 iliupa mji uwezo wa kupatana na kampuni kabla haijatandika nyaya zake. Mwaka 1992 Rais Bush alikataa sheria mpya ya kuwalinda wenye kulipa. Bunge likaipitisha juu ya kukataa kwake. Mwaka uliofuata kanuni ziliwekwa hata za kuitika simu ya mlalamikaji: sekunde 30, basi.

Mtu atasema: «Kwetu picha zatoka mbinguni kwa parabola, hazipiti barabarani.» Ni kweli. Lakini duka halikuanguka kutoka mbinguni. Limesimama juu ya udongo wa komuni. Na sheria ya 7 Oktoba 2008 yazipa miji na komuni utawala wao wenyewe.

Mwingine atasema: «Televizio ni anasa. Asiyetaka aache.» Pombe nayo ni anasa, je, mwenye baa akikutilia nusu chupa kwa bei ya chupa nzima, utanyamaza? Wizi wa anasa ni wizi. Tena sheria ya 9 Julai 2018 yasema bei ni huru. Vema! Bei huru si bei iliyofichwa.

Neno gumu zaidi ni hili: «Mkiita komuni, mtaleta karani wa kudai chai.» Hofu hiyo ina sababu, nasi hatuidharau. Kwa hiyo hatuombi kodi mpya, wala ushuru, wala hati ya kulipiwa. Twaomba mambo manne yasiyoingiza hata franka moja katika mfuko wa karani:

1. Bei ibandikwe ukutani, pamoja na kiwango cha dola cha siku hiyo.

2. Kila alipaye apewe risiti ya karatasi.

3. Kifurushi kisibadilishwe kabla ya mwezi uliolipwa kwisha.

4. Kila komuni, yaani Lukuga, Lac na Kalemie, iweke daftari la malalamiko, nalo lisomwe mbele ya watu, na kampuni ijibu mbele ya watu.

Jambo la nne ndilo kubwa. Rushwa hupenda chumba kilichofungwa. Daftari linalosomwa mbele ya watu lafungua mlango.

Na sisi tunaolipa tusijidanganye. Nani kati yetu ametunza risiti? Nani ameandika barua? Twanung'unika chini ya mwembe, kisha mwezi ukiisha twakimbia kulipa tena kwa sababu kuna mpira. Mwezi huu, kabla ya kutoa feza, uliza bei, uliza kiwango cha dola, omba karatasi. Ukinyimwa, andika tarehe na kiasi, mwende watu 10 pamoja kwa mkuu wa komuni. Mama wa ndakala hakungoja Kinshasa imjazie kopo lake.