Moshi Mweusi Si Nguvu ya Trekta

Leo nina neno na ninyi mnaolimia watu kwa trekta.

Msimu ukianza, trekta za wengine nazijua zikiwa bado mbali: moshi mweusi tii unatangulia. Ukimuuliza mwenyewe, anajibu kwa fahari, "Fundi kanifungulia pampu, bwana shamba. Sasa lina nguvu balaa!"

Mimi naona kaibiwa.

Dizeli haiungui vizuri bila hewa ya kutosha. Fundi akizungusha skrubu ya pampu ili nozeli zimwage mafuta mengi, hewa haiongezeki kwa kiasi hicho. Sikatai, mwanzoni trekta litachangamka. Ila ukivuka kiwango, mafuta ya ziada yanakosa hewa na kugeuka masizi. Moshi ule ni dizeli uliyoilipia sheli.

Na hasara haiishii kwenye dumu. Injini inapata joto kupita kiasi, masizi yanachafua oili, ringi na silinda zinalika. Kijana mmoja ninayemhudumia injini ilimfia katikati ya msimu, na hela za heka za watu alishazila. Mvua haikumsubiri.

Kuna afya pia. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta kutwa ni dereva wako na tandiboi wake.

Wengine wataniambia, "Basi tuwahishe taimingi, moshi upungue." Unaweza kupungua kweli, lakini joto ndani ya silinda linapanda na oksidi za nitrojeni zinaongezeka. Hizo huzioni kwa macho, ila mapafu yanazijua. Hapo umehamisha tatizo tu.

Msimamo wangu ni huu: pampu ibaki kwenye vipimo vya kiwandani. Moshi kidogo ukikanyaga mafuta ghafla usikutishe. Ule wa mfululizo ndio ugonjwa. Anza na kilicho rahisi, chujio la hewa. Vumbi la kupiga haro mnalijua, na chujio likiziba injini inakosa pumzi hata kama pampu ni nzima. Moshi ukiendelea, nozeli zikapimwe. Pampu mpelekee fundi mwenye mashine ya kuipimia, siyo anayezungusha skrubu chini ya mwembe kwa kusikiliza mlio. Na kama jembe linalielemea trekta, punguza kina au shusha gia. Ardhi ngumu haidanganywi kwa moshi.

Kesho asubuhi kabla hujawasha, fungua chujio ulitazame. Ukilikuta limejaa vumbi, hapo umeokoa hela ya fundi.